Ulinzi wa Taifa na Nyumba ya Mwananchi: Mpaka Uwekwe na Sheria

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na walimu.)



Tarehe 29 Aprili, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la Jeshi huko Mbagala, Dar es Salaam. Kabla ya miaka miwili kutimia, usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, msiba wa namna hiyo hiyo ulitokea Gongo la Mboto. Katika kila msiba watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wengine wengi walijeruhiwa, na maelfu walizikimbia nyumba zao wakiwa na nguo walizovaa tu. Watoto walipotezana na wazazi wao, na nyumba zilizojengwa kwa akiba ya miaka mingi zilibaki magofu.

Baada ya maziko lilizuka swali ambalo huzuka kila mara: ni nani aliyemfuata mwenzake? Je, kambi ndiyo iliyowafuata watu, au watu ndio walioifuata kambi? Swali hilo lina maana yake, kwa sababu mji wa Dar es Salaam umekua kwa kasi kubwa. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Mahali palipokuwa pori au mashamba ya mikorosho pamegeuka kuwa mitaa, shule na masoko.

Hata hivyo swali hilo halitoshi. Liko swali zito zaidi nyuma yake. Ni nani mwenye wajibu wa kuweka mpaka baina ya kambi na makazi? Mpaka huo uwekwe kwa amri ya namna gani? Na yule ambaye mpaka unamkuta tayari amekwisha jenga, atendewe nini? Maswali hayo ndiyo shabaha ya mazungumzo haya.

Kwanza ni lazima jambo moja likubaliwe bila ubishi. Serikali inayo haki, tena inao wajibu, wa kuzuia ujenzi wa watu binafsi karibu na maeneo ya jeshi. Ghala la mabomu likishika moto halichagui paa la kuliangukia. Ghorofa refu lililo kando ya kambi humpa mtu mwenye nia mbaya nafasi ya kuona yasiyomhusu. Jengo lililo katika njia ya ndege za jeshi ni hatari kwa rubani na kwa aliyelala ndani ya jengo hilo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamtaka kila raia alinde uhuru na mamlaka ya Taifa. Kwa hiyo mwananchi anayedai kwamba kiwanja chake ni chake, na kwamba jeshi lisimwulize lolote, hajauelewa uraia wake.

Lakini haja ya kutenda ni jambo moja, na mamlaka ya kutenda ni jambo jingine. Haja ya ulinzi huieleza Serikali kwa nini itende. Sheria ndiyo inayoieleza itende vipi na ikomee wapi. Watumishi wengi huchanganya mambo haya mawili. Wakisikia neno "usalama" hudhani kwamba kila mlango umekwisha funguliwa, na kwamba barua yenye mhuri wa siri inatosha kumzuia mtu asijenge, au kumwagiza fundi akachore alama ya X nyekundu juu ya ukuta wa nyumba. Dhana hiyo si sahihi, na historia ya sheria inaonyesha wazi kwamba si sahihi.

Mfano wa kwanza watoka Uingereza yenyewe, tena wakati wa vita. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Serikali ya nchi hiyo iliichukua hoteli moja ya London iliyoitwa De Keyser's Royal Hotel ili iwe ofisi za kikosi cha ndege. Wenye hoteli hawakupinga haja ya jeshi, walidai malipo. Serikali ikajibu kwamba ilitumia mamlaka ya Kifalme ya kuilinda nchi, na kwamba mamlaka hayo hayadaiwi fidia kama haki. Shauri lilikwenda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko. Mwezi Mei, 1920, Baraza hilo liliamua dhidi ya Serikali. Lilisema kwamba pale ambapo Bunge limekwisha tunga sheria ya kuchukua mali kwa ajili ya ulinzi, na sheria hiyo imeweka masharti pamoja na fidia, Serikali haiwezi kuiruka sheria hiyo na kukimbilia mamlaka ya zamani yasiyo na masharti.

Uamuzi huo hauko mbali na Tanzania kama unavyoweza kudhaniwa. Tarehe 22 Julai, 1920, miezi miwili tu baada ya hukumu hiyo, ndiyo tarehe ambayo sheria za Kiingereza zilizotumika kwa ujumla zilipokelewa Tanganyika ili zitumike katika mahakama zake. Aidha, wakoloni walileta sheria nyingi kutoka India. Mashauri ya jinai ya Tanganyika yaliamuliwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India hadi mwaka 1930, na Sheria ya Ushahidi ya India ilitumika hadi Bunge la Tanzania lilipotunga yake mwaka 1967. Basi si ajabu mwanafunzi wa sheria wa Tanzania akitazama India kuona jambo hili la kambi na nyumba limekwendaje, kwa sababu huko limebishaniwa kwa muda mrefu.

India inayo sheria ya mwaka 1903 iitwayo Sheria ya Majengo ya Ulinzi. Ilitungwa na wakoloni, watu ambao hawakusifika kwa kuwahurumia wenyeji. Hata hivyo utaratibu wake ni wa kutazamwa. Serikali ikiona kwamba ardhi iliyo karibu na ngome au kituo cha ulinzi haina budi kuachwa wazi, hutoa tangazo katika Gazeti la Serikali. Ramani ya eneo huchorwa na kuwekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kwenda kuitazama. Ofisa mkuu wa wilaya huwatangazia watu palepale wanapoishi. Kisha mipaka hupimwa kwa yadi. Ndani ya yadi 2,000 kutoka ukingo wa nje wa ngome, mtu hawezi kujenga wala kubadili usawa wa ardhi bila idhini ya maandishi. Ndani ya yadi 1,000, kinachoweza kuruhusiwa ni jengo la mbao au vitu vingine vyepesi kuondolewa. Ndani ya yadi 500, ujenzi hauruhusiwi.

Baada ya hapo linafuata jambo la fidia. Mwenye ardhi huitwa ataje madai yake. Ofisa wa wilaya huchunguza hasara aliyoipata na kukadiria malipo. Na asiyeridhika anaweza kutaka jambo lake lipelekwe mahakamani. Fidia hiyo si kwa yule aliyenyang'anywa ardhi tu. Ni pia kwa yule aliyebaki na ardhi yake lakini akazuiwa kuitumia, na kwa hiyo thamani yake ikapungua.

Yafaa msikilizaji aone hekima iliyomo. Sheria hiyo inasema kwamba tangazo la Serikali ni ushahidi wa mwisho kuhusu haja yenyewe. Mwananchi haruhusiwi kwenda mahakamani kubishana na jenerali juu ya umbali wa kombora. Lakini utaratibu wa kutangaza, kupima na kulipa haukuachwa mikononi mwa jenerali. Haja imeachiwa Serikali. Njia na malipo vimewekwa na sheria. Huo ndio mpaka wa mamlaka.

Ni nini basi hutokea mpaka huo unapopuuzwa? India imetoa somo kwa pande zote mbili. Katika mtaa wa Colaba mjini Mumbai, kando ya eneo la jeshi, lilijengwa jengo la ghorofa 31 la chama cha nyumba kilichoitwa Adarsh. Ilisemwa kwamba nyumba hizo zilikuwa za askari wastaafu na wajane wa vita vya Kargil vya mwaka 1999. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo wanasiasa, maofisa wa Serikali, wakubwa wa jeshi na jamaa zao. Mwezi Novemba mwaka huo Waziri Mkuu wa jimbo la Maharashtra alijiuzulu. Mwezi Aprili, 2016, Mahakama Kuu ya Bombay iliamuru jengo libomolewe, na mwezi Julai mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ikausimamisha ubomoaji huo na kuagiza jengo liwekwe chini ya ulinzi. Hapo jengo halikukosa mihuri. Lilikuwa na mihuri mingi. Kilichokosekana ni uaminifu wa wale waliogonga mihuri hiyo.

Fedheha hiyo ikazaa kosa la upande wa pili. Tarehe 18 Mei, 2011, Wizara ya Ulinzi ya India ilitoa waraka kwamba mtu anayetaka kujenga ndani ya mita 100 kutoka eneo la jeshi, au ndani ya mita 500 ikiwa jengo lake linazidi ghorofa nne, sharti apate barua ya jeshi ya kutokuwa na pingamizi. Kusudi lilikuwa jema. Lakini waraka si sheria. Haukutangaza ramani ya kila eneo, wala haukutaja fidia. Katiba ya India, kama ilivyorekebishwa mwaka 1978, inasema kwamba mtu hatanyimwa mali yake ila kwa mamlaka ya sheria. Watu waliokuwa na hati na vibali halali walijikuta hawawezi kuongeza hata chumba kimoja, na wakaenda mahakamani. Majaji hawakuafikiana katika kila shauri. Wako walioona kwamba mamlaka za mipango miji zinaweza kuyazingatia maoni ya jeshi kwa kutumia kanuni zao wenyewe. Wako pia walioshikilia kwamba jeshi likitaka kuizuia ardhi ya mtu lifuate Sheria ya 1903, litangaze na kulipa. Mwaka 2016 Wizara yenyewe ililegeza masharti yake, na kwa vituo vingi umbali ukapunguzwa hadi mita 10.

Jambo hilo la mwisho lapaswa kumfikirisha kila mtumishi wa umma. Ikiwa mita 100 zilikuwa lazima kwa usalama wa Taifa mwaka 2011, kwa nini mita 10 zilitosha mwaka 2016? Yawezekana palikuwa na sababu nzuri. Lakini mwananchi aliyezuiwa kujenga kwa miaka mitano hakuambiwa sababu ya mita 100, wala hakulipwa. Mpaka unaowekwa kwa waraka huweza kusogezwa kwa waraka, na mtu wa kawaida hawezi kuyapanga maisha yake juu ya mpaka wa namna hiyo.

Sasa yatazamwe ya Tanzania. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na ya kuhifadhiwa mali hiyo kwa mujibu wa sheria, na inaharamisha kumnyang'anya mtu mali yake bila sheria yenye masharti ya fidia inayostahili. Ibara ya 30 nayo inaruhusu sheria zenye kuweka mipaka ya haki kwa ajili ya ulinzi, usalama wa jamii, na mipango ya miji na vijiji. Katiba haikumweka mwananchi juu ya ulinzi, wala haikuuweka ulinzi juu ya sheria.

Mahakama ya Rufani imekwisha ueleza msimamo huo. Mwaka 1993 ilisema kwamba sheria inayopunguza haki ya msingi sharti iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isipunguze haki zaidi ya inavyolazimu ili kulifikia lengo lake. Mwaka 1994, katika shauri la baba na mwanawe, wakulima wa mkoa wa Arusha, ilitamka kwamba hata haki ya kutumia ardhi kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo ofisa asidhani kwamba mkulima asiye na hati ya karatasi hana kitu.

Sheria za kutumia zipo. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Ardhi inaruhusu pia ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha itangazwe kuwa ardhi ya hatari, kwa utaratibu wa kutangaza kusudio kwanza. Mwaka 2007 ikatungwa Sheria ya Mipango Miji. Mtumishi anayesema hana sheria ya kuitumia, na kwa hiyo atatumia nguvu, hajaisoma kabati yake mwenyewe.

Wako watakaouliza: je, adui atangoja Gazeti la Serikali lichapwe? La, hatangoja. Ndiyo maana Katiba imeweka utaratibu wa hali ya hatari, ambao humpa Rais uwezo mkubwa zaidi wakati wa vita. Lakini kambi ya wakati wa amani haizuki usiku mmoja. Hupimwa, hujengwa na kukaa miaka. Serikali iliyo na miaka ya kupanga haiwezi kudai kwamba ilikosa majuma machache ya kutangaza. Wako pia watakaosema kwamba kutangaza ramani ni kutoa siri. Hilo nalo halina nguvu. Ukuta wa kambi huonekana na kila apitaye. Siri ni kilichomo ndani. Mpaka wa nje wa kujenga si siri, na ukifanywa siri haumkingi mtu yeyote.

Hapa ndipo misiba ya Mbagala na Gongo la Mboto inapopata maana yake. Watu wengine huona kwamba masharti ya sheria ni kikwazo cha usalama, na kwamba kama jeshi lingeachiwa lifanye litakavyo watu wangepona. Ukweli ni kinyume chake. Mpaka uliotangazwa, ukapimwa, ukawekewa mawe na kuingizwa katika ramani ya mji, ndio unaookoa maisha, kwa sababu kila mtu anaujua: mnunuzi wa kiwanja anaujua, mwenyekiti wa mtaa anaujua, na ofisa wa mipango miji hawezi kusingizia kwamba hakuujua. Mpaka uliomo ndani ya jalada la siri hujulikana siku ya kubomoa au siku ya mlipuko, na siku zote hizo mbili mwananchi huwa amekwisha chelewa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mpaka nao ni vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo wajibu unagawanyika. Ofisa wa ardhi asigawe kiwanja wala kuidhinisha mchoro karibu na eneo la jeshi kabla ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi. Kamanda anayeona nyumba zinasogelea uzio wake asinyamaze miaka 10 kisha akaomba tingatinga. Apeleke habari mapema kwa wenye mamlaka ya mipango, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Ofisi iliyopokea kodi ya nyumba kwa miaka mingi, ikashuhudia maji na umeme vikiingizwa, isisimame baadaye kumwita mwenye nyumba mvamizi kana kwamba inamwona kwa mara ya kwanza. Naye aliyejenga kwa kificho baada ya mpaka kutangazwa, au aliyempa ofisa kitu kidogo ili afumbe macho, asitafute huruma kwa jina la haki. Haki ya mali haikuwekwa kuwa kinga ya ujanja.

Walimu nao wanayo sehemu yao. Mtoto anayefundishwa uraia afundishwe mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya kila mtu, na kwamba askari, waziri na mkulima wote wako chini ya sheria moja. Akifundishwa la kwanza peke yake atakua mwoga mbele ya kila mwenye sare. Akifundishwa la pili peke yake atakua mbinafsi. Akifundishwa yote mawili atakuwa raia.

Jeshi lililoanzishwa tarehe 1 Septemba, 1964, halikuitwa jeshi la Serikali wala jeshi la watawala. Liliitwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina hilo ni ahadi. Jeshi la Wananchi haliwezi kumhesabu mwananchi kuwa kizuizi cha ulinzi, kwa maana yeye ndiye anayelindwa. Anapoombwa aiache ardhi yake, au asijenge juu yake, kwa ajili ya usalama wa wote, anatoa sehemu ya mali yake kwa Taifa. Aelezwe sababu kadiri inavyowezekana, aonyeshwe mpaka, asikilizwe, na alipwe kinachostahili kabla ya tingatinga kufika mlangoni. Na mpaka ukisha wekwa hivyo, uheshimiwe na wote, mkubwa kwa mdogo, ili usiku kama ule wa Gongo la Mboto usimkute tena mtoto amelala mahali ambapo nyumba haikupaswa kujengwa.